Kumsindikiza Mama Mkwe Kufuata Taya Jipya

Wenzangu wa kijiweni Ufukoni, tangu nirudi hamnipi nafasi ya kushika hata bisibisi. Anayeleta friji bovu ananiuliza kwanza habari za mama mkwe, friji baadaye. Nimeeleza mpaka nimechoka, na nasikia kila aliyesikia anakwenda kueleza kivyake. Juzi muuza barafu kaniuliza kama ni kweli mama mkwe ameolewa Rufiji. Basi naandika mara moja, mpeane, mniache nifanye kazi. Mambo ya rufaa, bima na mihuri nimeyaruka. Yalitukera sisi wawili, yanatosha.

Kwa asiyejua: mama mkwe wangu anaishi Mahurunga, karibu na mto Ruvuma. Ni mjane, analima korosho na muhogo. Alizaliwa Palma, ng'ambo, upande wa Msumbiji, akavuka kuja huku akiwa msichana, akamwacha mdogo wake kule. Jina lake sitaliandika, maana jina la mkwe halitoki mdomoni mwangu, na kalamu naihesabu mdomo. Kwa miaka kadhaa taya lake la kushoto lilikuwa linavimba taratibu. Halikumuuma, kwa hiyo alilifunika kwa mtandio akaendelea na shamba. Lilipofikia ukubwa wa chungwa likaanza kuusukuma ulimi, akawa anameza kwa shida. Madaktari wakapima, wakasema si saratani, ila likiachwa litaziba koo. Likatwe, lijengwe jingine, na kazi hiyo inafanyika Dar.

Wa kumsindikiza alikuwa mwanawe, mke wangu Zuhura, lakini Zuhura alikuwa na siku tisa tangu ajifungue. Kaka yake Saidi, shemeji yangu, akiona kuku anachinjwa anatafuta pa kukaa. Nikabaki mimi. Na nyinyi mnajua adabu ya mkwe kwetu: humtazami usoni, huli naye, mkikutana njiani mmoja anaingia porini mpaka mwenzake apite. Miaka sita ya ndoa niliyashika haya kwa bidii hadi wazee wa kule wakanisifu. Nikiingia uani kwake nilikuwa natazama ukuta. Ningeweza kuwachorea kila ufa wa ukuta ule. Uso wa mama mkwe nisingeweza.

Mahurunga hadi Magomeni ya Mtwara: tukiwa na makopa katikati

Nilimfuata mwenyewe kijijini. Nikakodi bodaboda mbili, yake mbele, yangu nyuma kwa umbali wa heshima. Alikuwa amebeba kibegi kimoja cha nguo na gunia zima la makopa, ule muhogo mkavu, kwa sababu aliamini watu wa Dar hawali.

Tulikuwa katikati ya mikorosho pikipiki yangu ilipokata mnyororo. Dereva wangu akachuchumaa, akautazama mnyororo, akawasha sigara. Nikajua hapo hakuna safari. Dereva wa mama akageuza, akarudi tulipo.

"Tupige mshikaki," akasema. "Mama katikati, wewe nyuma."

Mama mkwe akaugeukia mkorosho uliokuwa karibu akazungumza nao. "Mwambie huyo dereva, yule mwingine atembee."

Yule mwingine nilikuwa mimi.

"Mama, bado ni mbali," dereva akasema. "Akitembea atafika wewe umeshapona umerudi."

Mama akafikiri. Kisha akashuka, akalifungua gunia la makopa, akalitingisha lisambae, akalifunga tena na kulilaza kwenye kiti kama mto mkubwa. Akapanda. Akalipiga gunia mgongoni kwake kuonyesha kwamba mpaka upo hapo. Nikapanda nyuma ya mpaka, nusu ya makalio yangu ikiwa kwenye chuma cha kufungia mizigo. Kila shimo makopa yalinichoma tumboni, naye kila shimo alisema "Bismillahi" kwa sauti ambayo niliisikia kama onyo.

Tulipofika nyumbani Magomeni, Zuhura alitoka na mtoto mkononi, akatuona tunavyoshuka, akacheka mpaka ikabidi ajishike tumbo. "Mmekuja na ukuta wenu!"

"Mwambie mumeo asante," mama yake akamjibu, akiingia ndani haraka. "Ila makopa yangu kayavunjavunja."

Mtwara hadi Mbagala: posa ya barabarani

Basi liliondoka alfajiri. Tiketi zetu zilikuwa za viti viwili vya pamoja, jambo lisilowezekana. Nikambembeleza mzee mmoja aliyekaa nyuma tubadilishane, akakubali kwa furaha ambayo ingenitia shaka kama ningekuwa na akili. Aliitwa Mzee Mkumba, mfanyabiashara wa mikeka, anarudi kwao Ikwiriri. Kofia yake nyeupe, kanzu yake imepigwa pasi, na mdomo wake haukufungwa tangu Mikindani. Mimi nikiwa kiti cha nyuma yao nilisikia yote. Alimweleza mama bei ya ukindu, kifo cha mkewe, ubaya wa wakwe zake wa kiume, na dawa ya kiungulia. Mama, mtandio umemfunika mpaka chini ya macho, alikuwa anajibu "eeh" na "kumbe".

Tulipopita Nangurukuru, kabla ya Somanga, basi likasimama. Mvua ilikuwa imeila barabara. Mbele yetu foleni ya malori, na mbele ya malori shimo ambalo katapila lilikuwa linalijaza mawe taratibu. Ilikuwa saa tano asubuhi. Kondakta akasema nusu saa. Tulikaa pale hadi saa tisa na nusu.

Abiria wakashuka wote. Akina mama wa kijiji cha jirani wakatokea kana kwamba walikuwa na miadi na lile shimo: mayai, machungwa, ndizi, na ming'oko, ile mizizi ya porini, iliyochemshwa na chumvi. Mzee Mkumba akaja kunivuta pembeni, nyuma ya matairi ya basi.

"Kijana, yule mama ni nani wako?"

"Mama mkwe."

"Ni mjane?"

"Mjane. Kwa nini?"

Akaweka kofia vizuri. "Yale macho, kijana. Na anasikiliza! Mwanamke anayesikiliza hivi sijamwona tangu marehemu. Nizungumze na nani, wewe au kaka zake?"

Kuna mambo mkwe anaweza kumfanyia mkwe, lakini kumpokelea posa kando ya lori la saruji si mojawapo. Nikamwambia mzee, kwa upole, kwamba mama ni mgonjwa na tunakwenda hospitali. Akasema hata yeye ana sukari. Akanunua ming'oko, chaguo la mizizi iliyonyooka, akampelekea mama pale alipokaa juu ya jiwe. Nikamfuata kwa nyuma nikisoma maandishi ya tairi.

"Karibu, Bibie. Kula uchangamke."

"Asante, nimeshiba."

"Hata mmoja? Au unamwogopa mkwe? Huyu anatazama tairi."

Kisha nikasikia kitambaa kinavutwa. Baadaye Zuhura ndiye aliyenieleza, kwa maneno ya mama mwenyewe: alimgeukia yule mzee, akashusha mtandio mpaka shingoni, akamwonyesha taya lote, ili amalize maneno yale mara moja.

Hata muuza mayai aliacha kunadi.

"Ni hilo tu?" Mzee Mkumba akasema. "Mimi nimekalia busha, Bibie. Tukipimana sijui nani atamshinda mwenzake."

Nikatamani lile shimo la barabara linipokee. Busha! Limetajwa mbele ya mama mkwe wangu, mchana kweupe, na shahidi ni mimi! Nikaligandia tairi kwa macho, nikisubiri mbingu zianguke. Badala yake nikasikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa miaka sita: mama mkwe alikuwa anacheka. Alicheka kwa shida, kwa sababu taya halikumruhusu, kicheko kikawa kinatokea puani kama birika linalotaka kuchemka. Kisha akala ming'oko, upande wa kulia, mmoja baada ya mwingine, mpaka ikaisha.

Mzee alishuka Ikwiriri. Akasimama dirishani, akamwambia mama, "Ukishapona, usinisahau." Mama akamwambia, "Na wewe katibiwe." Hawakupeana namba, wala hakuna ndoa. Muuza barafu asikie.

Hospitalini: mwenye mtandio wa kijani

Tulifikia kwa binamu yangu Mbagala, na kesho yake mama akalazwa. Balaa la kwanza lilikuwa jina. Sista wa wodi, mwanamke mrefu aitwaye Agripina, mwenye saa aliyoipachika kifuani, aliniuliza, "Mgonjwa wako nani?"

"Mama yule mwenye mtandio wa kijani."

"Jina lake?"

"Limo kwenye faili."

"Nakuuliza wewe."

"Sista, ni mkwe wangu."

Akanitazama kama mtu anayepima joto. "Kwa hiyo hata mkwe akizimia utasema mwenye mtandio wa kijani amezimia?"

"Nitasema haraka sana."

Siku ya pili daktari akatuita kutueleza. Alikuwa kijana, anachora kwenye karatasi. Akasema watakata taya la kushoto pamoja na uvimbe wote, wataweka chuma chembamba cha kushikilia, kisha watachukua kipande cha mfupa wa nyonga wakijenge pale. Mfupa ukishika, miezi ijayo anaweza kuwekewa hata meno. Usiposhika, watarudia. Kuna hatari ya damu, kuna hatari ya uchafu kuingia. Alisema yote bila kuficha.

Mama akaniuliza mimi, akitazama kabati la dawa. "Muulize daktari, nyonga hii hii ya kuchezea ngoma?"

Nikamgeukia daktari. "Anauliza..."

"Nimesikia," daktari akasema.

"Mwambie," mama akaendelea, "kiuno changu kimecheza unyago kuanzia hapa kwetu mpaka ng'ambo. Kikipanda mdomoni, nikitafuna muhogo watu watasimama kutazama."

Daktari aliangusha kalamu. Mimi nilikuwa natazama sakafu, lakini sakafu ilikuwa inatetemeka, kwa sababu na mimi nilikuwa nacheka na sikutakiwa. Mama alikuwa anaogopa. Nilikuja kujua kwamba anapoogopa ndipo mdomo wake unakuwa mkali zaidi.

Asubuhi waliyomchukua, kitanda chake kikipita mlangoni, aliinua mkono chini ya shuka. Nikakaribia, kichwa nimegeuza.

"Baba Nasra." Nasra ni binti yetu wa kwanza, ndivyo anavyoniita. "Nisiporudi, korosho za upande wa mto ni za Zuhura. Saidi asidanganye."

"Utarudi, mama."

"Sikuulizi. Nakwambia."

Aliingia saa mbili asubuhi. Nilikaa kwenye benchi la nje. Watu walikuja, wakaitwa, wakaondoka, wakaja wengine. Niliagiza chai ikapoa, nikaagiza nyingine ikapoa nayo. Mlinzi akanihurumia akanionyesha friji la dawa za baridi lililokuwa linapiga kelele karibu na ngazi. Nikasikiliza injini yake saa nzima, nikajua tatizo lake ni feni, na hilo ndilo lililonishika akili. Saa kumi jioni daktari akatoka akiwa bado na kofia. Akasema, "Tumemaliza. Amelala vizuri." Nikamshika mkono wake kwa mikono yangu miwili nikasahau kuuachia.

Wodini: be, ze, ye

Siku ya tatu walimrudisha wodi ya kawaida. Nikaingia saa za kutazama wagonjwa, macho nimeyatupa dirishani kama kawaida, na Sista Agripina akanipokea na bomba la sindano lisilo na sindano.

"Njoo nikufundishe kumlisha. Mpira huu umepita puani unaingia tumboni. Unavuta uji, unasukuma polepole. Ukimaliza unasafisha mdomo kwa maji ya chumvi, kila kona, na unaangalia nyuzi kama ziko sawa."

"Naangalia?"

"Kwa macho. Unayo mawili."

"Sista, ni mkwe..."

"Mkwe, shangazi, mfalme, bomba ni lile lile. Mimi nina wagonjwa thelathini. Angalia."

Nikaangalia. Wenzangu, sitawaficha: uso ulikuwa umevimba pande zote, nyuzi zimepita chini ya taya mpaka karibu na sikio kama mshono wa gunia, na mtandio haukuwepo. Na katikati ya uvimbe wote ule kulikuwa na macho mawili yananitazama. Niliyaona ni macho ya Zuhura. Nikasukuma bomba ovyo, nusu ya uji ikaishia kwenye shuka.

Kwa kuwa hakuweza kusema, binamu yangu alimnunulia daftari na kalamu. Mama hakwenda shule, lakini utotoni alisoma chuo cha Kurani, kwa hiyo anaandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Mimi nami nilisoma chuoni, kwa maana ya kwamba nilipelekwa na nikatoroka. Akaandika neno moja, akanigeuzia. Nikasoma kwa kidole: be, ze, ye. Hakuweka alama hata moja ya kuonyesha a, i, wala u. Na be ya Kiswahili, mnajua, inaweza kuwa b, ikawa p, ikawa hata mb.

Be, ze, ye. Mb-z-i. Mbuzi!

"Unataka mbuzi, mama?"

Akafumba macho kwa uchovu. Nikachukulia ni ndiyo. Nikawaza: mtu amekatwa taya, amejengwa jipya, hamu yake ya kwanza ni supu ya mbuzi, na mimi mkwe mwema nishindwe? Muda wa mchana ukaisha nikatoka, nikapanda magari mawili, nikatafuta mpaka nikapata mama lishe mmoja anayechemsha supu ya mbuzi halisi. Jioni nikaingia wodini na chupa ya chai imejaa supu, harufu yake imetangulia.

Sista akanisimamisha. "Hii nini?"

"Supu ya mbuzi. Kaiomba mwenyewe."

"Kaiomba kwa mdomo upi?"

Nikamwonyesha daftari. Sista hakujua kulisoma. Kitanda cha jirani alilala Bi Salma, mwanamke wa Pemba aliyekuwa anatengenezwa kope baada ya kuungua na mafuta, jicho moja limefungwa bandeji. Akanyoosha mkono, akalisogeza daftari karibu na jicho lililobaki.

"Pazia," akasema.

"Nini?"

"Kaandika pazia, mwanangu. Anakwambia uvute pazia. Wewe umemletea mbuzi."

Wodi nzima iliyosikia ikaangua kicheko, wenye midomo ya kuchekea na wasio nayo. Nikalivuta pazia haraka, lakini kwa aibu nikalivuta nikiwa upande wa ndani. Mama akachukua daftari akaandika mistari mingi kwa hasira. Nikampitishia Bi Salma chini ya pazia. Akasoma kwa sauti, taratibu, kama anasoma barua ya mtu mwingine, na ndivyo ilivyokuwa.

"Anasema: miaka sita unaingia kwangu unageuza uso. Nilijua ni kwa sababu ya hili taya. Sikukulaumu, hata mimi sikupenda kujitazama. Sasa umelazimishwa kunitazama na kunilisha. Nakuonea huruma. Vuta pazia, mwachie Sista."

Nilisimama pale na chupa ya supu mkononi. Miaka sita nilikuwa najisifu kwa adabu yangu! Kumbe kila nilipougeukia ule ukuta, mama wa watu alikuwa anauvuta mtandio juu zaidi.

"Mama," nikasema, "wallahi mimi taya lako sikuwahi kuliona. Nilikuwa nageuka kwa sababu wewe ni mkwe. Hata ungekuwa na mataya manne ningegeuka."

Nikamtazama, safari hii bila kulazimishwa. Mabega yake yakaanza kutikisika, machozi yakamtoka, nikapiga kelele kumwita Sista. Sista akaja mbio, akafungua pazia, akamtazama mgonjwa, kisha akanitazama mimi.

"Analia?" nikauliza.

"Anacheka! Nyuzi zangu! Toka nje wewe, toka!"

Nikatolewa nje kwa kumchekesha mgonjwa. Supu aliinywa Bi Salma yote, akasema imezidi pilipili.

Siku za homa

Sehemu hii haina kichekesho, na nitaipita kwa ufupi.

Siku ya sita mwili wake ukawaka moto. Jeraha likawa jekundu chini ya sikio, likaanza kutoa maji yasiyopendeza. Daktari akabadilisha dawa, akaniambia tukiwa koridoni, "Tusubiri siku mbili. Uchafu ukifika kwenye chuma itabidi tufungue tutoe kila kitu."

"Na taya?"

"Tutaanza upya, akiwa na nguvu. Kama atakuwa nazo."

Zuhura akapiga simu. Nikamwambia mama anaendelea. Nikamsikia mtoto analia nyuma yake. "Unapodanganya huwa unasema neno moja tu," akasema. "Sema mengine." Nikamwambia yote. Akaniambia, "Basi msafishe mdomo vizuri. Usimwonee haya."

Sikumwonea. Asubuhi, mchana na jioni nilivuta maji ya chumvi, nikamulika kwa tochi ya simu, nikapitisha kila kona kama ninavyosafisha bomba jembamba la gesi, bila kugusa panapouma. Mama alikuwa amefumba macho, hana hata nguvu ya kuandika. Mara moja alikishika kifundo cha mkono wangu, akakishikilia mpaka nikamaliza. Nilijikuta namsomea Yasini kwa moyo, nikiirukaruka kama mtoro wa chuo, naye akinisahihisha kwa kugonga kidole kitandani kila nilipokosea. Aligonga sana.

Siku ya tatu ya homa niliingia nikamkuta ameegemezwa mto, anamtazama kwa wivu ulio wazi Bi Salma akila chungwa. Paji lilikuwa baridi. Daktari alibonyeza, akanusa, akachungulia, akasema mfupa na chuma viko salama. Nikatoka nje nikakaa kwenye lile benchi, nikalia kwa heshima zote.

Jioni hiyo aliomba simu yangu ajitazame. Bi Salma akanishauri nisimpe, bado amevimba. Nikampa. Akajitazama muda mrefu, akigeuza kushoto, akigeuza kulia. Akaandika. Nikampa Bi Salma asome, maana sikutaka kuleta mnyama mwingine.

"Anasema amefanana na mama yake."

Kurudi: kilio kilichotutangulia Mahurunga

Kabla sijafika mwisho nikiri jambo nililoliruka, kwa sababu halinipi sifa. Ile siku ya upasuaji, daktari aliponiambia amelala vizuri, nilimpigia Zuhura, kisha nikamtumia Saidi meseji kijijini: "Mama ametoka. Amepumzika." Mimi nilimaanisha amepumzika, amelala. Nyinyi mnajua sisi Waswahili tukisema mtu amepumzika tunamaanisha nini. Saidi alisoma, akaanguka pale pale. Jirani akaokota simu akasoma kwa sauti. Mikeka ikatandikwa. Ikachukua karibu saa nzima, na matusi mengi kutoka kwa Zuhura, mpaka mikeka ikakunjwa. Lakini ndani ya saa ile jirani wa mama, Bi Esha, aliyekuwa ameshafunga mzigo kwenda kumwona binti yake Msumbiji, alivuka mto na msiba wake moyoni, na huko kwa binti yake simu haishiki.

Tulirudi baada ya majuma matano. Barabara ilikuwa imejazwa, tukakaa viti vya pamoja, mama akanilazia mkoba wake mapajani bila kuuliza. Tukapumzika Magomeni siku mbili, akambeba mjukuu mpaka akashiba, kisha tukamrudisha Mahurunga, safari hii kwa gari la kukodi, Zuhura na watoto pamoja.

Mchana ule ule, mama amekaa barazani kwenye mkeka, mtandio umelala mabegani, mimi nafunga mlango uliolegea bawaba, akatokea Bi Esha. Ndiyo kwanza anarudi kutoka ng'ambo, vumbi mpaka magotini, furushi kichwani. Akamwona mama. Furushi likaanguka.

"Maskini! Wewe ndiye mdogo wake wa Palma!" Akamshika mikono. "Pole, mdogo wangu, pole sana. Mmefanana jamani! Hivi ndivyo alivyokuwa kabla ya ule uvimbe."

Nikafungua mdomo. Mama akanitazama usoni moja kwa moja, akanikonyeza. Mkwe wangu. Alinikonyeza! Nikaufunga mdomo.

"Asante, dada," akasema. Sauti yake ilikuwa bado kama ya mtu aliyeweka muhogo wa moto mdomoni. Hata mimi nisingeijua. "Tuliachana udogoni. Marehemu alikuwa mtu wa namna gani?"

"Tusimseme, amekwisha kwenda."

"Sema tu. Mimi ni ndugu."

Bi Esha akafuta pua kwa kanga, akajivuta karibu. "Mkali. Mkali huyo! Kuku wangu akivuka huku anarudi hana manyoya ya mkia. Mbishi, anataka neno la mwisho liwe lake. Mchoyo wa mbegu. Akiimba unyagoni hampokezani, anaimba peke yake mpaka kunakucha."

"Eeh," mama akasema. "Kumbe."

"Lakini nilipofiwa na mume wangu..." Bi Esha akasita. "Siku zote za eda alilala mlangoni kwangu, chini. Kwake kuna kitanda. Sikumwomba. Na lile taya, mdogo wangu, alikuwa analificha hata kwangu. Tunachota maji pamoja, tunapalilia pamoja, ananionyesha upande mmoja tu. Kila siku nilitaka nimwambie, we mwanamke, mimi nimeshaona pande zote mbili, kaa vizuri. Nikaona atajisikia vibaya, nikanyamaza. Sasa nitamwambia nani? Hata sufuria lake kubwa liko kwangu. Nilisema arobaini ikipita nilirudishe."

Chozi lilimshuka mama shavu la kushoto, likapita juu ya kovu, akaliacha lidondoke, maana upande ule bado una ganzi, hakujua kama liko.

"Usingoje arobaini," akasema. "Lirudishe leo."

Bi Esha akamtazama. Akatazama kovu. Akatazama macho. Kisha akapiga ukelele, akakimbia mpaka katikati ya uwanja, akasimama, akageuka, akarudi mbio na kuanza kumpiga mama mabegani kwa kanga, huku analia, anamtukana, anamwita shetani, anamshukuru Mungu, yote kwa pumzi moja. Zuhura akatoka ndani akidhani kuna ugomvi. Mama alikuwa amejikinga kichwa kwa mikono, anacheka kile kicheko cha birika, anasema nyuzi, Esha, nyuzi!

Bi Esha alipoishiwa nguvu akabaki amesimama, anahema, kanga mkononi. Mama akasogea kidogo, akapigapiga mkeka upande wake wa kushoto.

"Kaa huku," akasema.

Bi Esha akakaa.